Kabati la Chuma la Lusisi

Kabati liliingia Lusisi kama bwana harusi. Lilishushwa kwenye Land Rover likiwa limefunikwa turubai, wanaume wenye nguvu zao wakalibeba huku wakihema, na kila aliyekuwa njiani akajisogeza pembeni lipite. Watoto walishangilia. Mwenyekiti wa kijiji alivua kofia. Severina Kalinga peke yake, mganga msaidizi wa zahanati ile, alisimama mlangoni mikono kifuani na wala hakutabasamu, kwa sababu alijua vizuri kwamba chuma kile hakikuletwa kumsaidia. Kililetwa kumlinda yeye asiibe.

Mwaka ule penisilini ilikuwa inapotea katika zahanati za bonde la Usangu, na wakubwa walishaamua ni nani anayeichukua. Walisema wauguzi wanaiuza kwa wachimba dhahabu wa Makongolosi. Hakuna aliyekuja kuuliza, hakuna aliyekaa na mtu akamsikiliza. Wote wakatiwa kapu moja, wazuri na wabaya, na Severina, ambaye alikuwa akilala njaa kuliko kugusa kitu cha mgonjwa, akaanza kutazamwa na madereva wa serikali kama mama muuza gongo.

Tena kulikuwa na habari ya Evarista. Evarista walisoma naye uuguzi Iringa, wakala ugali sahani moja, na alikuwa kwenye zahanati moja ya upande wa Chunya. Yeye alipelekewa kabati kama hili kabla ya wote. Haukupita muda likafunguliwa likakutwa halina penisilini, na ikajulikana kuwa aliitaja namba ya siri kwenye simu, watu wakimsikia. Alifukuzwa kazi. Sasa alikuwa anauza viazi kando ya barabara kuu pale Nyololo, akivikimbiza kwenye madirisha ya mabasi. Severina alipoisikia habari ile alisikitika, lakini moyoni alisema: namba ya siri unaitajaje hadharani, Evarista? Si kujitakia huku?

Basi fundi aliyekuja na kabati aliitwa Philbert. Alitoka kwenye karakana moja ya makufuli huko Mbeya, kijana wa suruali pana chini na nywele zilizochanwa zikasimama, na maneno yake yalikuwa laini mno, ya mtu aliyezoea kuaminiwa.

"Ndugu Mganga," alisema, "hiki ni kitu cha kisasa. Hakina ufunguo. Ufunguo wake ni namba, na namba inakaa kichwani mwako. Mwizi ataiba nini, kichwa?"

Alitoboa sakafu, akakaza kabati kwa bolti za chuma kutokea ndani, akamwaga saruji. Halafu wakapanga dawa. Severina alizipanga kwa mkono wake, na kila kichupa cha penisilini kilikuwa na alama juu ya kifuniko, tone la ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Alianza kuzitia alama siku alipoitwa mwizi kwa mara ya kwanza. Hakumwambia mtu. Aliona kuwa anayeshukiwa asipojiwekea ushahidi wake mwenyewe hakuna atakayemwekea.

"Sasa nipishe kidogo," Philbert alisema. "Ninapanga mtambo wa siri. Kanuni hairuhusu mtu kuwepo."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Hasa wewe, Ndugu Mganga. Ni kwa usalama wako."

Alitoka. Hapo ndipo mtu anapotamani kumshika mkono amrudishe ndani, lakini nani angemrudisha? Mtu aliyekwisha kuitwa mwizi hana mdomo wa kubishana na mtu aliyeletwa kuzuia wizi. Akisema nabaki, watasema kwa nini anang'ang'ania. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akaangalia kuku. Fundi alipomwita, mlango ulikuwa umefungwa tayari, na mfuko wake wa vifaa alishauweka garini. Alimnong'oneza namba: kumi na saba, arobaini, tisa.

"Usimwambie hata mumeo. Na usifungue mpaka saruji ikauke vizuri, la sivyo utapindisha mlango. Kukiwa na shida yoyote, nipigie simu, nitakuelekeza."

Akaondoka na vumbi lake.

Saruji ilikauka. Severina aliosha mikono, akachuchumaa mbele ya kabati, akakizungusha kisahani cha namba: kumi na saba, arobaini, tisa. Akavuta mpini. Kabati lilikaa kimya. Akazungusha tena polepole, ulimi katikati ya meno kama anayetunga uzi kwenye sindano. Kimya. Mpaka jua linapinda vidole vilikuwa vimemvimba, na wagonjwa waliokuwa wakingoja dawa walianza kutazamana.

Simu pekee ya upande ule wa mto ilikuwa kwenye ofisi ya mashine ya kukoboa mpunga. Mto nao ulishajaa. Mvua za milimani zilikuwa zimeteremka zote pamoja na kivuko cha kwenda Rujewa kilikuwa hakipitiki kwa mtu wala kwa ng'ombe. Ni waya tu uliokuwa ukivuka. Jailos, karani wa mashine, alikuwa mtu wa watu. Alizungusha mkono wa simu, akabembelezana na opereta, akaipata Mbeya. Tatizo ni kwamba injini ya mashine haikuzimwa kwa ajili ya mtu. Ilinguruma pale pale nyuma ya ukuta wa mabati, na ukitaka kusikika simuni ilikubidi upige kelele, na foleni nzima ya wenye magunia ilikuwa inasikia habari zako zote.

"Halifunguki!" Severina alipaza sauti.

"Unakosea kuzungusha," Philbert alisema kwa mbali, mpole kama padri. "Anza kulia. Halafu kushoto. Usiwe na haraka."

Alirudi akaanza kulia. Kimya. Safari ya pili akaambiwa apake mafuta. Alipaka mafuta ya taa, akapaka ya ng'ombe, chumba kikanuka kama jiko la harusi. Kimya. Safari ya tatu fundi akasema tatizo ni mkono wake. Mikono ya akina mama, alisema, haina uzito wa mitambo. Severina alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa bonde lile kwa mikono hiyo hiyo. Jailos aliona jinsi alivyokibana kile chombo cha simu, akarudi nyuma hatua.

"Basi nisomee namba unazozungusha," Philbert alisema siku hiyo kabla hajakata. "Nijue unapokosea."

"Nizitaje hapa? Kuna watu!"

"Sasa mimi nitakusaidiaje nikiwa Mbeya? Mimi si mganga wa kienyeji."

"Uliniambia nisimwambie hata mume wangu!"

"Mimi si mumeo, mimi ni fundi wako."

Alikataa. Sura ya Evarista ilimjia, na bakuli lake la viazi, na vumbi la mabasi. Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, akilitukana kabati kwa Kihehe njia nzima, kwa sababu Kiswahili hakikumtosha.

Kesho yake asubuhi akaja Mbuke.

Mbuke alikuwa mke wa Budeba, mmoja wa wafugaji waliotoka Usukumani na ng'ombe wao wakapiga kambi kwenye majani ya Usangu. Alikuwa amembeba mwanawe, Shija, na Severina hakuhitaji kumgusa ili ajue. Mtoto alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, mbavu zikiingia ndani, pua zikipanuka. Ilikuwa nimonia, tena iliyokwisha kukomaa.

"Mama nesi," Mbuke alisema, "hii mtoto hajanyonya toka jana. Mchome sindano."

"Sindano ipo," Severina alisema. "Dawa iko humo."

Mbuke aliliangalia kabati. Akamwangalia Severina. "Si ufungue?"

Mungu wangu, swali dogo lile! Severina alihisi aibu ikimpanda toka miguuni. Dawa ilikuwa mkono mmoja kutoka kwa mtoto, na yeye, mwenye zahanati, alikuwa amesimama mbele ya mlango wake kama mgeni. Kuvuka mto kwenda hospitali hakukuwezekana. Alimpa Mbuke maji ya kumkanda mtoto, akapanda baiskeli.

Jailos aliuona uso wake toka mlangoni. Alizungusha simu.

"Fundi, nina mtoto anakufa hapa!" Severina alipiga kelele. "Niambie cha kufanya!"

"Pole sana. Nisomee namba."

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna. Na sema kwa sauti, laini ni mbaya. Sikusikii kabisa."

Foleni yote ilikuwa imegeuka kumtazama. Hata wale wanaume wanaobeba magunia walikuwa wameyatua. Severina alifumba macho. Akawaza kazi, akawaza Nyololo, halafu akawaza zile mbavu zinavyoingia ndani, na akapiga moyo konde.

"Kumi na saba!" alipaza sauti. "Arobaini! Tisa!"

Philbert aliposema tena, sauti yake haikuwa ile ya padri.

"Ndugu Mganga, unajua ulichofanya? Umetangaza siri ya serikali mbele ya watu. Nimewasikia hao watu. Kuanzia sasa siwezi kuendelea kukusaidia. Kikipotea chochote humo ndani, kila mmoja hapo ana namba. Itabidi nitoe taarifa."

"Lakini wewe ndiye uliye..."

Simu ilikatika.

Severina alibaki na kile chombo mkononi. Kitu kikamgonga kichwani, kizito na cha baridi. Evarista naye alizitaja kwenye simu. Na Evarista aliambiwa na nani azitaje? Kwa nini hakuwahi kumwuliza? Alimhukumu mwenzake mwaka mzima kwa maneno aliyoyasikia kwa madereva! Damu ilimchemka hata machozi yakashindwa kutoka. Alipanda baiskeli bila kuaga.

Alimkuta Mbuke nje ya zahanati, mtoto mgongoni, anatembea huku na huku kama watu wanavyofanya wakiogopa kukaa. Severina hakumficha. Alimwambia kabati limekataa, na fundi amekataa, na yeye mwenyewe hana tena la kufanya.

"Dawa ni ya nani?" Mbuke aliuliza.

"Ni ya mtoto wako. Ni ya watu."

"Na imefungiwa na mtu, ameondoka."

"Ndiyo."

"Basi ameiba," Mbuke alisema. Akaweka kiganja mdomoni, akainua kichwa, akapiga mwano.

Asiyewahi kuusikia mwano hawezi kuelezwa akaelewa. Ni ukelele wa Wasukuma, wa kuibiwa ng'ombe, mrefu, unaopanda na kukatika, na sheria yake haina mjadala: ukiusikia, unaacha. Kama unakula unaacha, kama unajenga unashuka kwenye paa. Unaupokea kwa kinywa chako ili wa mbali wausikie, unachukua fimbo, unakimbia. Asiyekwenda anatozwa faini. Na aliyeupiga bila sababu, huyo ole wake. Kwa hiyo Severina alisikia ukelele wa Mbuke ukidakwa na kambi ya karibu, ukadakwa tena ng'ambo ya mashamba, ukaenda mpaka ukapotea majanini, na haukupita muda vumbi likaonekana pande zote.

Walikuja na fimbo na mikuki, wamelowa jasho. Nkuba, jirani wa Budeba, alikuwa analima kwa ng'ombe, akaja nao hivyo hivyo na nira shingoni na mnyororo ukiburuta.

"Ng'ombe zimeenda wapi?" Budeba alimwuliza mke wake.

Mbuke alimgeuzia mgongo aone mtoto anavyohema. "Ng'ombe zipo. Hii ndiyo inaibiwa. Dawa yake iko ndani ya chuma, mwenye chuma amekimbia."

Wanaume waliteremsha mikuki. Hawakuwahi kuitiwa kabati. Budeba aliangalia ndani, akaangalia mwanawe, akamgeukia Severina.

"Mama nesi, tukivunja, wewe utafungwa?"

"Nitafungwa," Severina alisema. "Vunjeni!"

Nkuba alirudisha ng'ombe wake kinyumenyume mpaka mlangoni. Mnyororo ukazungushwa kiunoni mwa kabati, fimbo ikalia, wanyama wakainamisha shingo. Saruji ikapasuka. Bolti zikang'oka na vipande vya sakafu, kabati likaburutwa likatoka na fremu ya mlango wa zahanati, likaangukia uso katikati ya uwanja. Mlango wake haukufunguka hata kidogo. Ila mgongo ulichanika kama mfuko wa sukari, na hapo kila mtu akaona. Mbele kulikuwa na chuma kinene cha kutisha mtu. Nyuma kulikuwa na bati tu lililopakwa rangi!

Severina alipiga magoti akaingiza mkono. Aspirini ilikuwepo. Klorokwini ilikuwepo. Bandeji, zipo. Rafu ya penisilini haikuwa na kitu, isipokuwa kitambaa cha kufutia mikono chenye grisi.

Halafu akaona lingine. Kutokea nyuma, kufuli lilikuwa wazi kama kiganja. Kile kisahani cha namba kilikuwa kinazunguka chenyewe, na makomeo yalikuwa mbali nacho, na katikati, mahali pa kijiti cha kuviunganisha, palikuwa na matundu mawili ya skrubu yasiyo na skrubu. Namba haikushikana na chochote. Angezungusha mpaka mwisho wa dunia. Usiku aliokosa usingizi kwa kuilinda, aibu aliyoipata kwa kuitaja, kumbe alikuwa analinda upepo!

Alipiga kelele kwa hasira, na wanaume wa mikuki wakarudi nyuma.

"Alijua!" alisema. "Dawa alizichukua aliponitoa nje! Nimetafuta makosa kwenye vidole vyangu, nimepaka mafuta, nimetukanwa, na mwizi ndiye aliyekuwa ananielekeza!"

"Na mtoto?" Mbuke aliuliza kwa sauti ndogo.

Nkuba alikuwa ameinama, anakitazama kile kitambaa chenye grisi kwa makini.

"Huyu fundi," alisema, "ana nywele imesimama hivi? Gari yake ilikwama kivukoni siku anaondoka. Mimi nilimvuta na ng'ombe hizi hizi. Akasema hana cha kunilipa, akanipa vichupa. Akasema inatibu mtu, inatibu na ng'ombe."

Severina aliinuka. "Viko wapi?"

"Nyumbani. Naweka kwa ajili ya ng'ombe yangu, iko na jipu kwenye kiwele."

"Nkuba, kimbia!"

Alikimbia, mtu mzima yule, shuka ikipepea. Aliporudi alifungua kiganja, na juu ya kila kifuniko kulikuwa na tone la zambarau. Sindano ilikuwa inachemka kwenye mafiga; alivuta dawa, akamgeuza Shija, akamchoma, na mtoto akalia kwa nguvu zilizobaki. Alimchoma tena jioni, na tena asubuhi, na siku zilizofuata. Siku mtoto aliposhika titi mwenyewe, Mbuke alikaa chini kwenye sakafu iliyobomoka akacheka peke yake.

Mto uliposhuka, Land Rover ikaja. Ndani yake alikuwemo Filemoni, mkaguzi wa dawa, mzee wa miwani na mkoba, na Philbert kando yake amevaa shati safi. Walikuta kabati bado limelala uwanjani, bibi mmoja ameanika mpunga juu yake.

"Ndugu Severina," Filemoni alisema kwa ghadhabu, "ulitoa namba ya siri kwa watu, na sasa mmevunja mali ya umma mkaiba. Una la kusema?"

"Ninalo, Ndugu Mkaguzi. Hatukuufungua mlango. Bado umefungwa. Mwambie fundi wako aufungue kwa namba aliyonipa."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Philbert alicheka kidogo. "Limeshaharibiwa hilo."

"Fungua," Filemoni alisema.

Wanaume walilisimamisha kabati. Fundi alichuchumaa, akazungusha, akavuta. Kimya.

"Labda unakosea kuzungusha," Severina alisema. "Anza kulia. Usiwe na haraka."

Akazungusha tena. Shati safi lilianza kushika mgongo.

"Labda mkono hauna uzito. Taja namba, fundi, tujue unapokosea. Taja kwa sauti, hatukusikii!"

Filemoni alikuwa ameshazunguka nyuma. Aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. Alipitisha kidole chake kati ya kisahani na makomeo, mahali ambapo kidole cha mtu hakitakiwi kupita. Severina akamwekea mkononi kichupa kitupu chenye tone la zambarau, na Nkuba, bila kuulizwa, akaeleza gari lilikwama wapi na yeye alilipwa nini.

"Na Evarista wa Chunya," Severina alisema, "kabati lake nani alilifunga, na baadaye nani alikwenda kulifungua?"

Mkaguzi aligeuka taratibu kumtafuta fundi, lakini fundi hakuwa tena pale alipokuwa amechuchumaa. Alikuwa anatembea kuelekea kwenye gari, kwa hatua ndefu za mtu anayejifanya hakimbii, na mkono wake ulishafika kwenye kitasa cha mlango.

Mbuke alimhamisha Shija kutoka ubavuni akamfunga vizuri mgongoni. Halafu akaweka kiganja mdomoni.